Korongo Halina Habari na Ukwe

Milango ya Twaha Mkumbi imeenea Dar es Salaam nzima. Ukigonga mlango wa watu wenye nafasi zao Kawe, huenda umegonga kazi ya mikono yake. Ukifungiwa mlango Temeke na mwenye nyumba aliyekuchoka, huenda vilevile. Karakana yake iko Manzese, nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro, mahali ambapo basi la mwendokasi likipita vumbi la mbao linainuka, linafikiri kidogo, kisha linatua kwenye vikombe vya chai. Ni fundi hodari, hilo halina ubishi. Na kama walivyo mafundi wengi hodari, nyumbani kwake Goba, kwenye nyumba aliyoijenga miaka na miaka huku akisema anamalizia, bafu halikuwa na mlango. Lilikuwa na pazia.

Mkewe Najma alililalamikia pazia lile mpaka ulimi ukamchoka. Twaha alikuwa na jibu lake moja: “Wiki ijayo, mke wangu.” Mara mbao hazijakauka, mara mteja wa Tegeta anahamia Ijumaa, mara umeme umekatika na randa haizunguki. Wiki ijayo haikufika. Aliyefika ni Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo ni mama yake Najma, mjane, mwenyeji wa Mtoni kule Temeke, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Na kwa watu wa pwani mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mkwe humwamkia uso ukiwa chini, hali naye sahani moja, haketi naye mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja wao hugundua ghafla kwamba ana shughuli ng'ambo ya barabara. Twaha alikuwa bingwa wa adabu hizo. Kwa muda wote wa ndoa yake hakuwahi kumtazama mama mkwe wake juu ya magoti.

Siku ile akamwona mzima.

Alirudi kutoka kazini amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akapitiliza bafuni, akafunua pazia. Bi Mwanakombo alikuwa na sabuni usoni. “Nani?” akauliza. Mtu mwingine angesema samahani. Mtu mwingine angesema hata “ni mie” akageuka. Twaha alilivuta pazia kulifunga, akalivuta kwa hofu, fimbo ikang'oka ukutani na pazia likaanguka chini lote. Badala ya kuokota, akakimbia. Alikimbia na kandambili ya mguu mmoja, akateremka kilima cha Goba, akadandia bodaboda, hakupumua vizuri mpaka Manzese. Akalala karakanani juu ya maranda siku mbili, simu ameizima.

Aliporudi nyumba ilikuwa kimya. Najma alikuwa amefuatana na mama yake kwenda Mtoni, na nguo zake amekwenda nazo. Siku hiyohiyo Twaha akatengeneza mlango wa bafu wa mninga mtupu, komeo juu na komeo chini, mlango ambao hata benki wangeuonea wivu. Ila hapakuwa na mtu wa kujifungia ndani.

Miezi ikapita. Kwenda Mtoni mwenyewe hakuthubutu. Akamtuma Mzee Kondo, rafiki wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ile tangu posa. Kila Jumapili Mzee Kondo alivaa kanzu yake akavuka mji. Mtoni alikaribishwa kahawa, akakaribishwa tende, jua likisogea akakaribishwa na wali wa nazi, akazungumza habari za mpira wa Simba na Yanga kwa kirefu, akaaga. Ujumbe aliukumbuka akiwa kituoni. “Mambo yanakwenda vizuri,” alimwambia Twaha kila aliporudi, akijichokoa meno.

Na simu je? Twaha aliishika mara nyingi. Alilitazama jina la Najma, akajiuliza aanzie wapi, akairudisha mfukoni. Nyumba ya Goba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja. Alikuwa akipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, anakula nusu, nusu nyingine anaitazama. Hamu ya mkewe ilimzidi, na hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo isipokuwa Mzee Kondo, ambaye naye alikuwa na Simba yake.

Aliyeleta rai ni Didas, anayemuuzia Twaha bawaba na misumari. Jumapili alfajiri Didas ni mwenyekiti wa Mtoni Hatulali, kikundi cha jogging chenye fulana za njano, nyimbo zisizofaa kuandikwa, na supu ya ng'ombe mwisho wa mbio. Bi Mwanakombo ndiye mpiga filimbi wa kikundi hicho, na asiyeamka kwa filimbi yake huyo akazikwe.

“Sikia, braza,” Didas akasema, akiwa amekaa juu ya mlango usio na mwenyewe. “Mwaka huu safari yetu si Bagamoyo. Tunakwenda kaskazini kule, nchi kavu kabisa, kuna korongo refu balaa. Tunatembea ndani yake siku tatu na mwongozaji. Wengine wanakwendaga mbugani kukaa kwenye gari. Sie tunakimbia kila Jumapili, tukakae kwenye gari kwa nini? Sasa mtu mmoja kajitoa. Na mama mkwe wako yupo.”

“Sasa mie nije kufanya nini?”

“Uombe msamaha. Kule hakuna kichochoro. Ukuta huku, ukuta huku. Hawezi kukukimbia.”

“Na mie je?”

“Na wewe huwezi. Ndo raha yake.”

Kwenye basi Twaha alikaa kiti cha nyuma kabisa pamoja na masufuria, kofia usoni, barakoa puani, fulana ya njano imembana tumbo. Mpango wake ulikuwa asionekane mpaka wafike, kisha Mungu atasaidia. Mungu alikuwa na mpango mwingine. Walipopita Korogwe dereva akasimamisha basi watu wachimbe dawa, wanaume kushoto na wanawake kulia. Twaha, kwa kutaka kujificha zaidi ya wenzake, akazunguka mbali, akapotea upande, akatokeza kichakani anafunga mkanda, uso kwa uso na Bi Mwanakombo.

Akachuchumaa palepale. “Shikamoo, mama,” akaiambia nyasi.

Bi Mwanakombo akajifunika kanga mpaka machoni. Hakuitikia. Akarudi kwenye basi, na tangu hapo mpaka Arusha akawa anatazama mbele kama yeye ndiye dereva.

Kesho yake magari yakawashusha kwenye kijiji cha mwisho chenye mtandao wa simu. Hapo wakamkuta mwongozaji, Elibariki, kijana wa Kimeru, mrefu, mpole, mwenye viatu vilivyokwisha tembea kuliko watu wote waliokuwa pale. Elibariki akaomba waifungue mizigo aione. Akakuta jiko la mkaa. Akakuta mkaa wake. Akakuta mito ya kulalia, chetezo cha ubani, na kwa Shamimu, mama muuza vitenge asiyepitwa na habari ya mtu, akakuta kioo cha ukutani. Bi Mwanakombo alikuwa na chupa ya achari ya embe ya ujazo wa kutosha harusi.

“Mama zangu, aisee,” Elibariki akasema kwa masikitiko, “vitu hivi vyote vinabaki hapa. Korongoni mtu anabeba maji.”

Vikabaki, kwa manung'uniko. Bi Mwanakombo alikwenda nyuma ya gari kuiaga achari yake, akakaa huko kitambo, akarudi anatembea wima kidogo. Hakuna aliyelitilia maanani.

Kisha Elibariki akawatembeza kidogo uwandani, huku na huko, akiwatazama kwa nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe. Walipokusanyika tena akaeleza utaratibu wake. “Humu kila mtu ana mwenzake. Mwenzako akinywa maji, unamwona. Asipokunywa, unamwona. Jioni sitakuuliza habari zako, nitakuuliza za mwenzako. Anayekwenda mbio nampa mwenye nguvu, ili mmoja asimamishwe na mwingine asukumwe.” Akaanza kuwapanga wawiliwawili. Mwenye mbio kuliko wote alikuwa Bi Mwanakombo. Mwenye mabega kuliko wote alikuwa fundi wa milango.

Shamimu aliangua kicheko mpaka akashika gari. Kisa cha pazia alikijua vizuri, na Mtoni yote ilikijua kwa sababu yeye alikijua.

Bi Mwanakombo akamvuta mwongozaji pembeni. “Mwanangu, nipe mwingine. Nipe hata mgonjwa. Yule ni mkwe wangu.”

“Ooh,” Elibariki akasema, uso ukabadilika. “Hata kwetu, mama, mkwe ni heshima kubwa. Mie mwenyewe mama mkwe wangu akipita najificha kwenye migomba.” Akafikiri. “Lakini korongo halina habari na ukwe. Nimewapima kwa mwendo. Nikikupa mwingine, yule akianguka hutaweza hata kumwinua.”

“Na huyu akianguka nitamwinua?”

“Huyu haanguki, mama. Huyu ndiye atakayekuinua wewe.”

Bi Mwanakombo akasema neno la Kizaramo ambalo Elibariki, kwa bahati yake, hakulielewa.

Wakaingia korongoni. Sikatai, ni mahali pa ajabu. Kuta zilipanda juu pande zote mbili, nyekundu, kijivu, na rangi kama ya chai ya maziwa, na mbingu ikabaki kipande chembamba huko juu. Chini ulikuwa mchanga wa mto uliokauka zamani, moto kama kikaango. Pimbi waliwachungulia mapangoni, wakaona fulana za njano, wakarudi ndani. Watu wa Mtoni walipiga picha, waliimba, na baada ya muda wakaacha kuimba wakawa wanapumua tu.

Twaha na mama mkwe wake walikuwa na tatizo lao peke yao, nalo lilikuwa ni nani atangulie. Mkwe hawezi kutembea nyuma ya mama mkwe, atakuwa anamtazama nini? Na hawezi kutembea mbele, kwani yeye nani amwongoze? Sambamba njia haikutosha. Mwishowe Twaha akatangulia akitembea kama kaa, upande upande, uso ameuelekeza ukutani, akajikwaa kwenye kila jiwe lililohitaji mtu wa kujikwaa.

Na kuzungumza moja kwa moja haikuwezekana. Mshenga alikuwa Manzese. Bi Mwanakombo akapata njia.

“We fimbo,” akaiambia fimbo yake ya kutembelea, “hebu mwambie huyo kijana wa watu aangalie mbele. Atavunjika shingo, kisha watu waseme nimemroga.”

Twaha akavua kofia, akaishika kifuani. “We kofia, mwambie mama nashukuru. Nitaangalia.”

“Fimbo, muulize kama maji anayo.”

“Kofia, mwambie yapo.”

“Fimbo, mwambie basi anywe, yasimwozee mgongoni.”

Wakaenda hivyo kutwa nzima. Didas, aliyekuwa mbele yao kidogo, alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia fimbo na kofia zikiheshimiana namna ile. Kila mara Twaha alijiandaa kuiambia kofia neno lenyewe, lile lililompandisha basi. Alianza, “We kofia, mwambie mama kwamba siku ile…” Akaigeuza kofia. “Siku ile ya leo ina jua kali,” akamalizia, na fimbo ikakubali kwamba ni kweli.

Jioni wakapiga kambi kwenye mchanga mpana. Elibariki akapita kwa kila mtu na swali lake. “Kaka Twaha, mwenzako amekunywa maji?”

Twaha akaduwaa. Mchana kutwa hakumtazama. Angemtazamaje? “Nadhani,” akasema.

“Mama, mwenzako amekunywa?”

“Kidogo,” Bi Mwanakombo akajibu, mgongo ameupa watu wote. “Mengi anajimwagia kichwani kama bata. Goti la kushoto linamuuma, anaficha. Na viatu vile si vyake, vinambana, kaazima kwa mtu.”

Kweli viatu vilikuwa vya Didas. Elibariki akamtazama Twaha kwa macho ya mwalimu. “Kaka, mama huyu amekuchunga. Wewe umemwacha peke yake kutwa nzima. Masufuria yatakuwa ya kwako usiku huu.”

Twaha akasugua masufuria kwa mchanga. Ile “umemwacha peke yake” ilimkera. Yeye alikuwa anamheshimu! Tangu lini heshima ikawa kosa? Alisugua mpaka sufuria moja ikapoteza weusi iliozaliwa nao, na bado jambo lile halikumtoka.

Siku ya pili korongo likabana. Kuta zilisogeleana kama vichochoro vya Manzese, na mbele njia ikafika kwenye maporomoko ya zamani yasiyo na maji. Pale mawe mawili makubwa yalikuwa yamelaliana na kuacha ufa wa kupandia katikati. Elibariki akapita wa kwanza, akasema njia ni hiyo moja tu, hakuna nyingine. Akawavuta wengine mmoja mmoja kwa kamba, kisha akaendelea nao juu kidogo, kwa sababu Shamimu alikuwa amepandwa na kizunguzungu na alikataa kushikwa na mtu yeyote isipokuwa mwongozaji. Kamba akawaachia wawili wa mwisho. Wa mwisho, bila shaka, walikuwa wale waliopoteza muda kujadiliana nani atangulie.

Safari hii ilibidi Bi Mwanakombo atangulie. Twaha akageuka, akatazama ukutani. Akasikia mchakacho wa nguo, mguno, kisha kimya.

“Fimbo,” sauti ikatoka juu, “mwambie huyo kijana asubiri.”

Akasubiri. Jua likaingia korongoni likawakuta palepale.

“Fimbo, mwambie nimenasa.”

Twaha akathubutu kuinua macho mpaka kwenye visigino. Vilikuwa vinaning'inia hewani. Lilikuwa jambo la kushangaza, maana mwili ule ungepita kwenye ufa ule na nafasi ya kubaki. Kumbe kilichonasa si mwili, ni kibindo. Ile achari ya embe haikuagwa nyuma ya gari. Ilifungwa kiunoni kwa kanga mbili, na sasa ilikuwa imekaa kwenye mwamba kama kizibo kwenye chupa.

“Elibariki!” Twaha akaita. Korongo likamrudishia jina hilohilo mara tatu. Huko juu sana zilisikika sauti za wanawake wakimpepea Shamimu.

Kumgusa mama mkwe haiwezekani. Kusimama hapa na kumtazama miguu haiwezekani. Moyo ukaanza kumwenda kama siku ile ya Goba, na miguu ikajua kazi yake hata kabla hajaiagiza. “We kofia,” akasema haraka, “mwambie mama natafuta njia nyingine.” Akaanza kuteremka.

“Twaha!”

Akasimama. Hakuwahi kuitwa jina lake na mama mkwe wake tangu aoe.

“Rudi hapa. Huko unakokwenda kuna nini?”

“Njia nyingine, mama.”

“Hakuna njia nyingine. Mwongozaji kasema, na wewe umesikia. Unakimbia. Unakimbiaga tu, hivyo ndo ulivyo.” Hapakuwa tena na fimbo wala kofia. “Unajua kilichoniudhi siku ile? Unafikiri ni kuniona? Mie mtu mzima, nimezaa sita, wakunga wameniona, madaktari wanafunzi wameniona wamejaa chumba. Ulikosea, basi, mtu hukosea. Mie niliuliza ‘nani?’ Nikauliza tena, ‘nani?’ Hakuna anayejibu. Sabuni machoni, pazia liko chini, mlango wa mbele nausikia unabamiza. Sijui mwizi, sijui mwehu. Najma yuko dukani. Nimesimama natetemeka, mwanamke wa umri wangu, natafuta kanga kwa kupapasa. Ungesema ‘ni mie, mama, samahani’, mie ningecheka mwaka mzima. Ningekaa mpaka Jumamosi kama nilivyopanga. Wewe ukaniacha peke yangu na aibu ya watu wawili.”

Twaha aliona uso ukimuwaka kuliko jua. Miezi yote ile alikuwa ameilea aibu yake kama mtoto mchanga, anaibeba Manzese, anaibeba Goba, na hakufikiri hata siku moja kwamba kule bafuni kulikuwa na mtu aliyeogopa. Alijisikia mdogo, mdogo kabisa. Akapanda tena mpaka chini ya ufa, akainua uso, akautazama uso wa mama mkwe wake uliokuwa umekunjamana kule juu baina ya mawe.

“Ni mie, mama,” akasema. “Samahani.”

Bi Mwanakombo akavuta pumzi ndefu, kadiri kibindo kilivyoruhusu. “Haya. Sasa nisukume.”

“Nikusukume wapi, mama?”

“Unataka nikuchoree ramani?”

Twaha akafumba macho, akapiga goti lile linalouma, akaziweka nyayo za mama mkwe juu ya mabega yake ya fundi, akasema bismillahi, akainuka. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha chupa ikapasuka, na achari yote, mafuta, pilipili na maembe, ikamshukia kichwani, ikaingia masikioni, ikateremka mgongoni. Akapiga ukelele, akajinyoosha kwa nguvu zake zote. Bi Mwanakombo akafyatuka juu, akatua kwenye jiwe salama, huku nyuma suruali ya Twaha ikisema kraaa, kuanzia kiunoni mpaka gotini.

Twaha akafumbua jicho moja lisilo na pilipili. Mama mkwe wake alikuwa amekaa juu ya jiwe anamtazama, hakuinamisha uso wala hakujifunika. Alichokuwa anakitazama ni chupi ya kijani na njano, rangi za Yanga, na Bi Mwanakombo ni mtu wa Simba tangu kuzaliwa.

“Na mie nimekuona,” akasema. “Tumelingana.”

Akacheka. Alicheka mpaka korongo likacheka naye, na Twaha, anawashwa kichwa kizima, akajikuta anacheka vilevile, kwa mara ya kwanza tangu Najma aondoke. Bi Mwanakombo akafungua kanga moja yenye mafuta ya achari, akamtupia. “Jifunge hiyo. Usipite mbele ya Shamimu namna hiyo, utaijaza Temeke.”

Kanga haikusaidia sana. Walipowafikia wenzao, Shamimu alipona kizunguzungu palepale. “Jamani! Mkwe kafungwa kanga na mkwewe!” Vigelegele vikapigwa ambavyo korongo lile halijawahi kuvisikia. Elibariki akamzunguka Twaha, akanusa, akauliza kwa upole ile achari imefikaje. Hakuna aliyemjibu. Usiku ule masufuria akaosha Bi Mwanakombo kwa hiari yake.

Siku ya mwisho wakapanda kutoka korongoni mpaka ukingoni juu, penye upepo. Mtandao ukarudi. Simu zote zikaanza kulia kwa pamoja, na kila mtu akawa anaeleza kwa sauti kubwa kwamba yu hai. Twaha akasogea karibu na mama mkwe wake, akasimama kwa adabu, si mbali kama zamani na si karibu kama jana.

“Mama, basi utamwambia Najma arudi?”

“Mie?” Bi Mwanakombo akashangaa. “Kwani nimemzuia? Hukusema neno na mie, na yeye umesema neno gani?” Akabonyeza simu. “Najma? Mie mzima. Miguu ipo yote. Ngoja, kuna mtu hapa.” Akamnyooshea Twaha simu.

Twaha akatazama kulia na kushoto. Mzee Kondo hakuwepo. “Mwambie tu wewe, mama…”

“Mie si mshenga. Shika.”

Akaishika kwa mikono miwili. Nyuma yake Mtoni Hatulali wote walikuwa wameacha simu zao zinalia. Njia ya kuteremkia ilikuwa wazi mguuni pake. Hakuitazama.

“Ni mie,” akasema.

Akasikia mtoto wa jirani analia huko Temeke, na mtu anauza mihogo.

“Twaha,” Najma akasema. “Kutoka Goba mpaka Mtoni, ndo ukapitia Arusha?”

Alikuwa na majibu ya kuchekesha, na Didas alikuwa anamkonyeza ayatumie. “Niliogopa,” akasema. “Nilikimbia nikakuacha wewe na mama, kisha nikaona aibu kurudi, na kila siku iliyopita ikaongeza aibu. Nisamehe, Najma. Nyumba imenishinda.”

“Kila Jumapili Mzee Kondo akipiga hodi, nachungulia nyuma yake,” Najma akasema. “Nasema labda leo umekuja naye, umesimama hapo nje, unaona haya kuingia. Nachungulia, hakuna mtu. Basi namwekea kahawa, namsikiliza na Simba yake.” Sauti ikamkatika kidogo, na mtandao haukuwa na kosa. “Miezi yote hiyo, Twaha, nachungulia tu.”

“Nakuja mwenyewe.”

“Lini?”

“Basi likifika tu. Nipitie Goba nikaoge, halafu…”

“Usipitie popote.”

“Najma, nimelowa achari mpaka masikioni, suruali imechanika, nimevaa kanga ya mama yako.”

“Njoo hivyohivyo,” Najma akasema.